Halua, ukoka na magoti ya Tunu

Kustaafu ni neno la wazee, na mimi sina hata mvi moja. Lakini goti langu la kulia limegoma kukunjika, na saisi, mtunza farasi, asiyeweza kuchuchumaa chini ya farasi hana kazi. Kamba, ndoo ya ngozi na brashi ya makumbi nimewakabidhi ninyi vijana mlioshika nafasi yangu. Mnakuja na maswali ya haraka na mnaondoka kabla sijamaliza kujibu, kwa hiyo nimeona niandike. Someni mkiwa mmeketi. Mkisoma mmesimama mtaruka mistari, nawajua.

Sitawaeleza nililipwa nini wala nani alinisifu. Nitawaeleza jinsi mtoto wa farasi anavyokula na anavyokua, maana hilo ndilo lililonizeesha kabla ya umri wangu.

Nilianza kazi kwa sababu ya punda. Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa sandarusi na pembe, mwenye nyumba ya mawe nyuma ya maduka ya Wahindi hapa Bagamoyo, alinikuta sokoni nikimsugua punda wa mtu. Nilikuwa nimemaliza ubavu mmoja, nikaona mstari wa vumbi nilioupita, nikaanza upya tangu shingoni. Mwenye punda alikuwa amechoka kuningoja. Bwana Nasoro akacheka.

"Na farasi unamjua?"

"Nitamjua," nikasema.

Kisha nikamrudia yule punda, nikamsugua mara ya tatu. Ndivyo nilivyo, na mtanisamehe nikilisema wazi. Nikiona majani yamekatwa yakaachwa juani, siwezi kupita bila kuyahamishia kivulini. Nikifunga mlango wa banda, narudi kuutikisa, naondoka, narudi tena. Wenzangu uani, watumwa kwa waungwana, walizoea kunisubiri kwenye sinia mpaka chakula kikapoa. Wakaniita Mama Farasi.

Farasi mwenyewe alishushwa kutoka Unguja, jike mwekundu kama shaba, mwenye mimba. Nilimtafuta mtu wa kunifundisha. Niliyempata ni baharia mmoja aliyewahi kushika hatamu Maskati, akaniambia, "Mpe shayiri, mpe tende, umwombee dua." Nikamwuliza shayiri kiasi gani. Akasema, "Mpaka ashibe." Nikamwuliza nitajuaje kwamba ameshiba. Akaondoka.

Basi mwalimu wangu akawa yule jike. Nilimpeleka kila siku kwenye kiwanja chetu cha malisho, kile kilicho kati ya minazi na mikoko, nikakaa juu ya gogo nikamtazama anavyokula. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike: tazameni kabla ya kulisha. Farasi hali kama mbuzi, kuonja hapa na kuruka pale. Anainamisha kichwa na kutembea polepole akikata ukoka karibu na udongo, na anataka kufanya hivyo karibu mchana kutwa. Tumbo lake limeumbwa lipokee kidogo kidogo bila kukoma. Mkimfungia bandani mkamletea kapu zima la nafaka jioni, mmempa karamu mtu aliyezoea kutafuna karanga njiani.

Mtoto alizaliwa masika yakiisha. Jike pia, mwekundu pia, mwenye miguu mirefu kama ya kuazima. Bi Zuwena, mama yake Bwana Nasoro, akatoka uani na ushungi wake, akamtazama akijaribu kusimama na kuanguka, akasema, "Huyu ni Tunu."

Na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, kwa sababu ya desturi ambayo ninyi mmezaliwa ndani yake na hamuioni. Mnyama wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ya mtu hupokewa kama mtoto. Majirani huja kumtazama, na haji mtu mikono mitupu. Ukikataa kilichomo mkononi, umemkataa mwenye mkono.

Akaja mke wa mwuza nguo na sahani ya halua. Wakaja wengine na tende, mkate wa kumimina, visheti. Akaja Ramji, Mhindi mwenye kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta mwisho wa mtaa, na kapu la mashudu, yale makapi yanayobaki ufuta ukishakamuliwa. Mashudu ni chakula kizito kuliko watu wanavyodhani. Tunu alikuwa bado ananyonya, na maziwa ya mama yake aliyekula ukoka wa masika yalimtosha kabisa. Lakini alijifunza upesi kwamba kila mtu anayeingia mlangoni ana kitu mkononi, akawa anapekua watu kanzu.

"Anapenda," watu wakasema, wakicheka.

Bila shaka alipenda. Hata mimi napenda halua.

Akanenepa. Mji mzima ukamsifu. Ngozi ikang'aa, matako yakawa mviringo, na Bwana Nasoro akaanza kuleta wageni wake kumwonyesha. Mimi peke yangu nilikuwa nachuchumaa kila asubuhi nikimpapasa miguu, goti kwa goti, kifundo kwa kifundo, kisha narudia nikiogopa kwamba mara ya kwanza sikupapasa vizuri. Siku moja nikahisi juu ya goti uvimbe mgumu wenye joto kidogo. Nikapapasa goti la pili. Vilevile.

Nilichokielewa ni hiki, na nilikielewa kwa kutazama tu, sikufundishwa na mtu. Chakula cha mtoto kina kazi mbili: kumpa nguvu za kukimbia, na kumkuza. Kinachozidi hakipotei. Kinamjaza mwili upesi, na mwili unakaa juu ya mifupa ambayo bado haijakomaa. Mifupa inalemewa pale inapokulia, yaani juu ya magoti na juu ya vifundo. Ikiachwa hivyo, miguu inapinda, na haitanyooka tena.

Nikamwambia Bwana Nasoro. Akainama, akabonyeza, Tunu akavuta mguu.

"Athumani, farasi huyu nimemtaka wa kupanda," akasema. "Nitamngoja afikie umri wa tandiko. Siku hiyo akichechemea, sitamlisha bure. Atakwenda kwa Ramji."

Kwa Ramji maana yake kinuni. Mnakijua kile kinu: mti mrefu, ngamia amefungwa kitambaa machoni, anazunguka palepale tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka afe. Na Ramji, mtu mwenye huruma kweli, alikuwa amekwisha kuanza kufikiri.

"Ngamia wangu anazeeka, bhai," akaniambia huku akimpa Tunu mashudu kwa kiganja. "Kinu hakitaki miguu mizuri. Kinataka shingo tu. Nitamtunza kama binti yangu."

"Basi acha kumpa mashudu."

"Binti anayekuja kwangu nimwache na njaa?"

Nikaanza kueleza watu. Nilisimama mlangoni nikamweleza kila mgeni habari ya mifupa, ya maziwa, ya ukoka, ya chakula kinachokwenda huku na kinachokwenda kule. Nilichora mchangani. Nilileta mti mchanga wa mpapai nikaufungia jiwe juu ili waone unavyopinda. Walinisikiliza kwa adabu sana, kisha wakanipita na sahani zao.

"Mtoto wa watu unamnyima," mke wa mwuza nguo akasema. "Ungekuwa umezaa wewe, Mama Farasi, ungejua."

Bi Zuwena alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, akiyasikia yote. Siku hiyo akaniita.

"Umesema na watu wangapi leo, mwanangu?"

"Wote, Bi Mkubwa. Nimewaeleza kwamba mifupa ya mtoto—"

"Wamekusikia?"

"Hawakunisikia."

"Basi nyamaza."

Mgeni aliyefuata alikuwa shoga yake Bi Zuwena wa siku nyingi, na bakuli la tende zilizopikwa kwa samli. Bi Zuwena akampokea vizuri, wakaulizana hali za nyumba zao zote mpaka za kuku. Kisha akasema, "Mungu akulipe, shoga yangu. Lakini Tunu ana mwiko. Vitamu haruhusiwi."

"Mganga kasema?"

"Mganga kasema."

Yule bibi akaurudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto. "Pole, mwanangu," akamwambia Tunu, akafunika bakuli lake. Kufikia magharibi mji mzima ulijua. Hakuna aliyeleta tena hata kisheti kimoja. Hakuna aliyeuliza habari ya mifupa. Mti wangu wa mpapai nikaung'oa nikautupa.

Sikufurahi, nawaambia ukweli. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikasirika kwa siku nyingi. Nilikuwa na sababu nzuri zilizopangwa moja baada ya nyingine, nazo zikashindwa na maneno mawili ya bibi anayechambua mchele.

Lakini magoti yalipoa. Tulimweka kwenye ukoka na maziwa tu, juu ya udongo laini, akitembea na mama yake taratibu bila kukimbizwa na watu. Uvimbe ukapungua, na ule mviringo wa matako ukaondoka. Watu wakasema amekonda kwa ugonjwa, mimi nikasema amekuwa farasi.

Kisha kikaja kiangazi, naye akawa ameachishwa ziwa. Hapa ndipo wengi wenu mtakapokosea upande wa pili. Ukoka wa kiangazi unaonekana ni ukoka, lakini umekauka kama makuti. Mnyama anajaza tumbo na hapati kitu. Farasi mzima atavumilia. Mtoto hawezi, kwa sababu anataka chakula kingi kuliko mkubwa ukilinganisha miili yao, na tumbo lake ni dogo. Tunu akasimama kukua. Mbavu zikatoka, nywele zikasimama, shingo ikawa nyembamba. Sasa alihitaji mtama, na zaidi ya mtama alihitaji mashudu ya Ramji.

Nikaenda kinuni na kapu.

"Mashudu?" Ramji akaniangalia kama niliyeomba sumu. "Si ana mwiko?"

"Mwiko ni wa vitamu."

"Nimesikia ni wa ufuta."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Mimi Mhindu, bhai, lakini mwiko naujua. Kwetu pia upo. Sitaki mtoto afe na mashudu yangu tumboni."

Mwiko ulikuwa umekua kuliko farasi mwenyewe. Ulianza na halua. Ukashika tende, ukashika mtama, ukashika ufuta, na mpaka nilipokuja kushtuka ulikuwa umeshika majani ya kunde. Niliweka kibaba cha mtama mbele ya Tunu mchana kweupe, na wanawake waliokuwa wakitwanga uani wakaacha michi yao, wakaja kumwaga chombo. "Unataka kumwua?" wakaniuliza. Watu walewale waliomvimbisha magoti kwa huruma sasa walikuwa wakimwua kwa njaa kwa huruma ileile, na mimi nilikuwa nimesimama katikati na chombo kitupu.

Bwana Nasoro akaona mbavu, akapata shauri. "Mpeleke Ubena, mwendo wa siku chache bara. Kando ya mto majani ni mabichi hata sasa."

"Na mbung'o wanaoua farasi, Bwana?"

"Nzi tu."

"Misafara yote inapita njia ile kuja hapa. Inaleta pembe, inaleta punda wachache. Umewahi kuona imeleta farasi hai?"

Akafikiri. Hakumpeleka. Ninyi mnaoanza kuitwa na hawa Wadachi, Wajerumani, kutunza farasi wao, lishikeni hili: watawaonyesha majani mazuri ya bara na watawaita waoga. Kubalini kuitwa waoga.

Nikaenda kwa Bi Zuwena.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Una sura ya msiba."

"Mwombe mganga auondoe mwiko. Tunu hatafika masika."

"Mganga gani?"

"Yule aliyeuweka."

Akaacha ungo wake, akanitazama. "Athumani, wewe mwenye akili hizi zote. Hakuna mganga."

Nikaketi chini bila kukaribishwa.

"Sasa unataka niseme nini?" akaendelea, kwa sauti ya chini. "Kwamba nimewarudisha wake za watu na sahani zao kwa uongo? Nani ataniamkia tena?"

"Na Tunu aende kinuni? Au afe kabla ya kufika huko?"

Akauokota ungo, akauweka tena. Nikaona macho yamemlegea, maana alimpenda yule mnyama kuliko alivyotaka watu wajue. Akasema, "Wewe ungeachiwa, ungefanyaje? Sema kwa ufupi. Usinichoree."

"Kipimo kimoja, Bi Mkubwa. Mkono mmoja wa kulisha. Majani kwanza, nafaka baadaye, na niongeze au nipunguze kila nikipapasa magoti. Shida haikuwa chakula. Shida ni mikono mingi."

"Mikono mingi," akasema.

Kesho yake, shoga yake alipokuja, nilikuwa karibu nikinoa mundu. "Mganga ameleta habari kutoka Miono," Bi Zuwena akamwambia. "Watu hawakumwelewa. Mwiko si wa chakula. Ni wa mikono. Mikono mingi ndiyo iliyomvimbisha mtoto. Alishwe na mkono mmoja, basi."

"Nilisema mimi," yule bibi akajibu. "Nilisema tangu zamani, mikono."

Na Ramji alipokuja mwenyewe na mashudu, hata kabla sijafungua mdomo, akasema, "Nilijua, bhai. Mikono."

Tukatundika pakacha mlangoni. Mwenye zawadi anaitia humo, anamtazama Tunu kwa mbali, anamwombea, anakwenda zake. Hakuna aliyekataliwa. Kutoka katika pakacha nilichagua nilichotaka: mtama, nikauparaza ili usipite mzima tumboni; mashudu, kiganja tu; kunde na majani yake makavu. Vyote baada ya kushiba majani, na kidogo asubuhi, kidogo jioni. Magoti yakipata joto, nilipunguza nafaka. Mbavu zikitoka, niliongeza. Hakuna siri nyingine. Mtoto wa farasi akue kwa mwendo usiokatika, asirukishwe juu kwa karamu wala asiangushwe chini kwa njaa.

Halua ilibaki. Ukutani pale nje walikuwa wakikaa wapagazi kutoka Unyamwezi, waliotua mizigo ya pembe ya Bwana Nasoro na kungoja siku ya kurudi. Tangu Tunu azaliwe walikuwa wamekaa wakitazama mtoto wa farasi akilishwa samli, na wao wana ugali mkavu. Hilo mimi, mwenye macho ya kuona vumbi ubavuni mwa punda, sikuliona mpaka nilipokuwa na sahani ya halua mkononi na sijui pa kuipeleka. Nikawapa. Mmoja wao akalamba vidole na kumtazama Tunu.

"Huyu," akasema, "mwiko wake usiondolewe kamwe."

Masika yakaja, ukoka ukarudi, yakapita mengine. Tunu akafikia umri wa tandiko. Siku Bwana Nasoro alipompanda mara ya kwanza kutoka nje, watu walijaa mtaani, wote wakijua la kungojea. Ramji alikuwa mlangoni mwa kinu chake, na kitambaa cha ngamia kimemning'inia begani; sijui kama alikiweka kwa makusudi. Mimi nilitembea pembeni, nimeshika kamba, macho yangu yako magotini. La kushoto, la kulia. La kushoto, la kulia. Sikuona kitu kingine chochote duniani, na kwa sababu hiyo sikuuona mtaro wa Ramji wa kumwagia maji machafu.

Nilisikia goti langu likilia kama mchi unapopasuka. Nikalala mtaroni, na Tunu akapita juu yangu kwa mwendo, kamba ikanitoka mkononi.

"Anachechemea?" nikauliza.

Ramji akainama juu yangu. "Nani, bhai? Yeye au wewe?"

"Yeye."

Akainua kichwa, akatazama mtaani muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili.

"Hapana," akasema. Akakitoa kile kitambaa begani, akanifunga nacho goti.

Sasa nakaa barazani kwa Bi Zuwena na mguu umenyooshwa. Majirani wanakuja kunitazama, na haji mtu mikono mitupu. Nimenenepa. Juzi nimemweleza mke wa mwuza nguo kwamba uzito ukizidi goti halitapona, nikamweleza vizuri, kwa mpangilio. Akanisikiliza kwa adabu, akaniachia sahani. Bi Zuwena ameniuliza kama aniwekee mwiko, nami nimemwambia bado nafikiri.

Nafikiri kwa sababu kutoka hapa barazani nauona mlango wa banda. Jana alasiri mmoja wenu, sitamtaja, alipita mbele yangu akimwongoza Tunu malishoni. Akatazama huku na huku, akatoa kashata mfukoni, akampa. Nyuma yake mwingine akatoa kipande chake.

Nimewaona. Nilisema mkono mmoja.